Datsun 240Z: kufungua gari zima hadi ganda tupu, uani Kigamboni

Mwana Kutu
Wakuu, salaam. Wadau kadhaa wamenifuata PM kuhusu ile Datsun 240Z ya 1972 niliyoishusha kutoka Moshi, nikaona bora niyamwage yote hapa hadharani, anayejua zaidi anikosoe. Gari liko uani kwangu Kigamboni, chini ya banda la mabati. Injini itaenda kwa wenye kazi yao. Bodi nafanya mwenyewe, na kijana mmoja wa kunisaidia kunyanyua.

Uzi huu ni wa kufungua tu. Puti na rangi vina siku yake. Watu wengi wanaona kufungua gari ni kazi ya utingo: shika spana, toa, tupa pembeni, halafu fundi mnyooshaji ndiye aanze kazi yenyewe. Kwa Z mambo yamegeuka. Hili gari halina chasisi ya peke yake kama Land Rover 109. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu, vizingiti chini ya milango, handaki la gia boksi na ule ukuta unaotenganisha injini na abiria vimechomelewa pamoja, na hivyo ndivyo vinavyolizuia gari lisijikunje. Ukitoa na kukata ovyo, umbo limekwenda, na hakuna puti ya kulirudisha.

Kwa vijana: 240Z ndiyo gari lililobeba Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ile ya 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine, 1800 SSS, ikabidi wamtafute mshindi kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Silinda sita za mstari, cc 2393, kabureta mbili, uzito tani moja na kidogo. Ndiyo maana wazee wetu wakiiona wanasimama barabarani.

Sasa kazi.

Kabla ya spana ya kwanza, gari lisimame kwa matairi yake manne, yamejaa upepo, kwenye sakafu iliyo sawa. Hapo ndipo unapopima mianya: mlango na madigadi ya mbele, mlango na bodi ya nyuma, mlango na kizingiti, boneti na madigadi, mlango wa buti pande zote. Kila mwanya pima juu, katikati na chini, andika kwa milimita. Piga picha na rula ikionekana kwenye picha. Langu mlango wa dereva ulikuwa na milimita 4 juu na 9 chini upande wa nyuma. Maana yake ama bawaba zimechoka, ama kizingiti kimeoza na gari limeanza kulegea katikati. Kulijua ni lipi kati ya hayo, nilipiga jeki taratibu chini ya nguzo ya bawaba nikaangalia mwanya. Ukibadilika ukipiga jeki, tatizo ni bodi. Usipobadilika, shika mlango kwa mwisho wake uunyanyue, bawaba iliyochoka itacheza mkononi. Langu lilibadilika.

Jambo jingine la mapema ni namba ya chasisi. Kwenye Z imegongwa kwenye ukuta wa injini, na kuna kibati chake ndani ya boneti. Za mkono wa kulia kama yangu huanzia HS30. Ilingane na kadi ya gari. Usiipitishie grinda, usiizibe na puti, na ukiona kijana analeta brashi ya waya ya umeme maeneo yale, mnyang'anye. Gari lisilosomeka namba halina mwenyewe.

Naendelea baadaye, umeme umekatika.

chalii_wa_Ngarenaro
Mkuu heshima yako. Ila kwa hela itakayokwenda hapo si ungechukua Toyota Crown athlete ukapumzika?

Mwana Kutu
Crown zipo zimejaa foleni ya Mwenge, chalii. Hazikimbii kokote.

Fundi wa Zamani Gerezani
Nimefanya bodi tangu enzi za Peugeot 504. Nakuheshimu kijana ila unakuza mambo. Lete gari, vijana wangu wanalivua, madirisha, siti, kila kitu. Wanakata bati lililooza, wanachomelea jipya kwa gesi, puti, msasa, praima, gari linaondoka. Mianya tunairekebisha kwa macho. Haya ya milimita ni ya Wajerumani.

Mwana Kutu
Mzee wangu shikamoo. Kwa Peugeot ya teksi sina ubishi na wewe hata kidogo. Ila Z nimeona moja mjini iliyofanyiwa hivyo: waliukata mhimili wa kizingiti milango ikiwa imetolewa, gari likiwa juu ya jeki mbili tu. Liliposhushwa, mlango wa abiria haukufunga tena. Wakapinda bawaba mpaka ukafunga, wakajaza puti ukingoni. Weka sumaku pale, haishiki kabisa. Puti ikizidi milimita mbili tatu huo si unyooshaji tena, na unyevu wa Dar ukiingia puti isiyokaa vizuri chini ya praima, inanyonya maji na kutu inaendelea kula kimyakimya. Mwenye gari analaumu rangi.

Kuhusu gesi tutarudi, kwa sababu huko una hoja.

Bibi Spana
Mie nipo hapa nimekaa na chai. Endelea kaka. Ulianza na nini kutoa?

Mwana Kutu
Haya dada, mpangilio.

Kwanza betri. Halafu petroli: fungua bomba chini, mwaga yote kwenye madumu ya chuma, madumu yaondoke kabisa uani. Tangi la 240Z ni lita 60, liko nyuma chini ya sakafu ya buti pembeni ya shimo la spea tairi. Litoke mapema kabla ya cheche yoyote.

Halafu ndani: siti, mazulia, mikanda, konsoli ya katikati. Hapo kwenye konsoli ndipo kwenye boksi la fyuzi, na ukilifungua utakuta plastiki imeyeyuka kidogo upande wa taa. Ni ugonjwa wa Z zote, umeme wa taa kubwa unapita moja kwa moja kwenye swichi bila rilei (swichi ya kati ya kubeba umeme mwingi).

Dashibodi ndiyo kazi ya kukaa chini. Ni kipande kimoja kikubwa, povu juu ya fremu ya bati, limefunikwa vinili, na jua la nchi hii limeshalipasua. Toa usukani, shusha nguzo ya stelingi, ndipo uvute dashi. Usivute kabla ya kuchomoa kila waya wa mita kwa mpangilio. Kila waya unapochomoa, funga kipande cha masking tepu chenye maandishi pande zote mbili: ulikotoka na unakokwenda. Rangi za waya zimefifia, nyekundu na kahawia zinafanana, usitegemee kumbukumbu. Dashi uliweke limelala kwenye kitambaa, nje ya jua. Ukilisimamisha ukutani litajikunja.

Skrubu. Hapa nawaomba muelewe, maana wengi wanaharibu hapa. Skrubu za Kijapani za miaka ile zina kichwa cha msalaba ambacho hakilingani na bisibisi ya nyota tunayonunua Kariakoo. Zinafanana ukiangalia, ila ncha yetu imechongoka zaidi, haifiki chini ya msalaba, ikizunguka inaruka na kuumeza msalaba. Tafuta bisibisi zenye alama ya JIS (kipimo cha Kijapani), au saga ncha kidogo kwa grinda mpaka ikae. Zile skrubu kubwa za kishikizi cha kitasa kwenye nguzo ya mlango hazitoki kwa nguvu za mkono: tumia ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo, baada ya kuloweka usiku kucha. Mimi naloweka kwa ATF (mafuta ya gia boksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, tikisa kabla ya kupaka maana havikai pamoja. WD-40 ni ya kufukuza maji, kwenye bolti iliyoota kutu miaka 50 haina maajabu.

Bolti zote zinaenda kwenye makopo, kila kopo na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli. Mark pen inafutika ikigusa petroli. Bolti iliyokatika nayo ihifadhi, ndiyo itakuonyesha urefu na uzi wa kununua nyingine.

Mvita Motors Fan
Salamu kutoka Mombasa. Kioo cha mbele mlitoaje? Mie cha kwangu nilikivunja, na kukipata kingine ni kizungumkuti.

Mwana Kutu
Pole ndugu. Kioo kimeshikwa na raba, na juu ya raba kuna urembo wa chuma cha pua. Urembo utoke kwanza taratibu, ukipinda haurudi. Halafu kama raba mpya unayo, usihangaike kuinusuru ya zamani: kata midomo yake ya nje kwa wembe kuzunguka kioo kizima mpaka uone ukingo wa kioo wazi. Mtu mmoja ndani anasukuma kwa viganja kona ya juu, mwingine nje anapokea. Usichokoe kwa bisibisi. Kioo hakikubali kusukumwa sehemu moja tu.

Na ukishakitoa, angalia ukingo wa chini palipokaa raba. Langu pale palikuwa na kutu ya kuchungulia. Maji yanaingia pale yanashuka kwenye sakafu ya mbele, mtu anabadilisha sakafu kila miaka mitano bila kujua yanatoka juu.

Bibi Spana
Madigadi je? Nasikia kuna bolti imejificha.

Mwana Kutu
Madigadi ya mbele ya Z yamefungwa kwa bolti, hayajachomelewa, hiyo ndiyo neema ya gari hili. Bolti nyingi za spana namba 10 utaziona ndani ya boneti kando ya ukingo wa juu. Toa taa na kile kikombe chake. Halafu fungua mlango: kuna bolti kwenye nguzo ya bawaba, zinafikika mlango ukiwa wazi. Kuna ya juu karibu na kioo cha mbele, chini ya lile bati lenye matundu ya hewa. Na kuna za chini kabisa zinazoshika kizingiti, hizo ndizo zitakukatikia. Nyuma ya tairi tope linakaa miaka yote, bolti zimekuwa udongo. Usipige kwa nguvu, bati la pale ni jembamba, litachanika na bolti. Drili kichwa kiondoke.

Boneti bawaba zake ziko mbele, inafungukia mbele, si kama gari za kawaida. Chora mstari wa mark pen kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza, irudi palepale. Bila boneti ndipo injini inatoka na gia boksi yake pamoja. Cheni bloku iwe kwenye fremu ya chuma ya miguu mitatu. Injini na gia boksi vinapita kilo 200, na mwembe wa jirani si krini.

Upande wa nyuma nitawaokolea wiki nzima. Mkono wa chini wa suspensheni umeshikwa na pini ndefu inayopita kwenye kikombe cha shokapu. Ile pini ikiota kutu haitoki. Watu wamepiga kwa nyundo ya kilo tano, wamechoma gesi, wamekata. Kama shida yako ni bodi, usiiguse. Fungua bushi za ndani upande wa bodi, fungua shokapu juu, utoe mkono na shokapu kama kitu kimoja. Pini utapigana nayo siku nyingine, kwenye presi.

Fundi wa Zamani Gerezani
Hilo la pini ni kweli. Hilo nakubali.

Dereva wa Usiku
Kwa hiyo gari limebaki ganda. Sasa linapigwa mchanga? Kigamboni mchanga upo bure ufukweni 😀

Mwana Kutu
Ndugu yangu, usithubutu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, utaipiga chumvi ndani ya kila mshono. Na hata ukiwa mkavu na msafi, vumbi lake likiingia mapafuni linaharibu mapafu moja kwa moja, halitoki. Wenye kazi hiyo wanatumia mchanga wa viwandani usio na silika na wanavaa kofia ya kupitishiwa hewa.

Halafu si kila kipande kinapigwa. Mikono ya suspensheni, ndio. Boneti, paa, milango, hapana: bati ni jembamba, karibu milimita 0.8, na mchanga wenye presha unaligonga upande mmoja mpaka linajikunja na kuwa kama mawimbi. Hilo paa utalinyoosha mpaka uzeeke. Hizo natumia kemikali ya kutoa rangi na msasa. Rangi za zamani zina risasi, kwa hiyo msasa wa maji, barakoa, na watoto wakae mbali.

Na hili la Dar: usilivue gari zima rangi siku moja. Hewa ya bahari ikilala na bati tupu, asubuhi limekuwa la machungwa. Navua kipande kimoja, nakisafisha, na jioni ile ile kinapata praima ya epoksi. Praima ya kawaida ya kijivu inapitisha unyevu.

Ndani ya sakafu kuna mikeka ya lami kiwandani waliiweka kuzuia kelele. Ulaya wanaigandisha kwa barafu kavu inapasuka. Mimi nimetumia bunduki ya hewa ya moto na tindo pana. Inatoka kama keki, ila chini yake ndipo unapokutana na ukweli: upande wa dereva sakafu ilikuwa imeshikiliwa na mkeka. Nimebonyeza kwa kidole gumba, kikapita mpaka chini.

Kwa wanaotafuta Z, kagua hapa kabla ya kutoa hela: chini ya betri, maana tindikali inakula mhimili wa mbele, sakafu ya kuwekea miguu, vizingiti, ile kona ya chini mbele ya tairi la nyuma, shimo la spea tairi, ukingo wa chini wa mlango wa buti, na chini ya lile bati la matundu mbele ya kioo. Mashimo ya kutoa maji kwenye vizingiti na milango yakiwa yamezibwa na puti au lami, jua ndani kuna bwawa.

Mvita Motors Fan
Na kabla ya kukata hivyo vizingiti wafanyaje? Wasije wakakata hivi hivi.

Mwana Kutu
Hapo ndipo uzi mzima ulipokuwa ukielekea. Milango irudi kwenye bawaba kwanza. Gari likae kwenye stendi zilizo chini ya mihimili mizima, si chini ya vizingiti vibovu, na ulipime lisawazike kwa pima maji kona zote nne. Piga jeki taratibu mpaka mianya irudi kwenye vipimo sawa juu na chini. Ndipo uchomelee skwea paipu ya milimita 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, mbili kila mlango, na moja ya kukatisha kutoka upande hadi upande. Ziweke kwa ndani ya kutosha ili mlango uweze kufunga zikiwa pale pale. Wengi wanaziweka katikati ya uwazi wa mlango, halafu hawawezi tena kujaribu mlango mpaka wazikate, na wakizikata faida imekwisha.

Halafu kata upande mmoja tu. Chomelea, jaribu mlango, pima, ndipo uende upande wa pili. Nukta za kuchomelea za kiwandani zinatobolewa kwa drili yenye ncha bapa, unatoa bati la juu tu na kuliacha la chini zima. Grinda inakula yote mawili.

Fundi wa Zamani Gerezani
Sasa gesi. Nasubiri.

Mwana Kutu
Mzee, kwenye madigadi na kingo za nje nakupa ushindi. Mshono wa gesi ni laini, unagongeka kwa nyundo na kibao mpaka unapotea, puti haihitajiki. Mshono wa MIG (ile mashine ya umeme inayojilisha waya) ni mgumu, ukigonga unapasuka pembeni. Lakini gesi inasambaza moto mpana, na kwenye sakafu na paa bati linajikunja. Kwa vizingiti na sakafu natumia MIG, waya wa 0.6, bati la geji 20, nachomelea nukta moja huku, nyingine kule mbali, naacha ipoe. Wewe una mkono wa gesi wa miaka 40. Mwenye mkono huo hanitafuti mimi kwa ushauri. Ile stiki ya umeme ya kutengenezea mageti ndiyo isiguse gari hili, itatoboa.

Fundi wa Zamani Gerezani
Sawa. Ukifika kwenye madigadi niite, nije na nyundo zangu. Hela ya kivuko na chakula tu.

Mwana Kutu
Mzee umeshaajiriwa.

chalii_wa_Ngarenaro
Swali la mwisho mkuu. Lile tangi lina tundu dogo, naweza kuligusa na MIG likiwa tupu? Si petroli imeisha?

Mwana Kutu
Hapana! Tangi tupu ndilo bomu. Petroli ya maji haiwaki ndani ya dumu lililojaa. Mvuke uliobaki kwenye tangi lililokauka ndio unaolipuka, na mvuke huo unakaa miezi kwenye mishono na kutu. Kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara moja hakutoshi. Mpe mtu anayefanya matangi kila siku, analiosha, analijaza gesi isiyowaka, ndipo achomelee. Au nunua jingine. Langu limeshaenda kwake, halina haraka, kwa sasa kijana anamalizia kile kizungushio cha kulipindulia ganda. Tunalishika kwenye vifungio vya bampa mbele na nyuma. Picha napandisha akimaliza miguu yake.